Kuwachunguza sisimizi wa nyumbani kwa tone la sukari, karatasi na saa

Anayeharibu uchunguzi wa sisimizi, mara nyingi, ni mchunguzi mwenyewe. Huwapulizia pumzi, huwawekea chakula kingi kupita kiasi, hubadilisha mambo mawili kwa mpigo, kisha huandika alichodhani badala ya alichoona. Sisimizi wenyewe hawana taabu. Wapo, hawajali kutazamwa, na kazi yao kubwa huifanya ukutani na mezani, mahali peupe. Kwa hiyo anzia huko, si kwenye kiota. Kiota cha ndani ya nyumba huwa kimejificha kwenye ufa, nyuma ya fremu ya mlango au chini ya sakafu, na kukibomoa ili uone kilichomo ni kumaliza kazi kabla haijaanza.

Kama chumba kimepuliziwa dawa ya wadudu karibuni, tafuta chumba kingine. Mabaki ya dawa hubadilisha mwendo wa sisimizi muda mrefu baada ya harufu kuisha puani mwako.

Vifaa

Unahitaji lenzi ya kukuzia mara 10, simu yenye kamera, rula, penseli ya kawaida na za rangi, karatasi nyeupe, kadibodi nyembamba, vijiti vya pamba, kipimajoto cha chumba, na sirinji ya mililita 1 isiyo na sindano. Sirinji ndiyo watu huidharau, na ndiyo muhimu kuliko vyote. Matone ya kijiko hayalingani hata siku moja. Kwa sirinji unaweka mililita 0.1 leo, mililita 0.1 kesho, na matokeo ya siku mbili yanaweza kuwekwa pamoja.

Maji ya sukari: gramu 20 za sukari kwa mililita 80 za maji, yaani asilimia 20. Ukizidisha sukari sana, maji huwa mazito na kila sisimizi hukaa muda mrefu akinywa, kwa hiyo msongamano unaouona kwenye tone si dalili ya mvuto mkubwa. Ukipunguza mno, atakunywa na kuondoka bila kuwaita wenzake. Tengeneza mapya kila siku, maana yakilala kwenye joto huanza kuchacha. Asali tupu iache: sisimizi wadogo hunasa miguu na kufia humo.

Mjue unayemtazama

Kwanza hakikisha ni sisimizi. Vipapasio vyake vimekunjwa katikati kwa pembe, na kati ya kifua na tumbo pana kiuno chembamba. Mchwa ana vipapasio vilivyonyooka na hana kiuno. Wakiruka, tazama mabawa: ya kumbikumbi yote manne yanalingana urefu, ya sisimizi jozi ya mbele ni ndefu kuliko ya nyuma.

Halafu hesabu vifundo vya kiunoni kwa lenzi. Ni kimoja au viwili, na hicho pekee hugawa sisimizi wengi wa nyumbani katika makundi mawili. Mdogo wa milimita moja na nusu hivi, kichwa cheusi na tumbo jeupe-jeupe linalopitisha mwanga, kifundo kimoja, huenda ni Tapinoma melanocephalum. Wa manjano-kahawia wa milimita 2 mwenye vifundo viwili anaweza kuwa Monomorium pharaonis. Mweusi mwenye miguu na vipapasio virefu, anayekimbia huku na huku kana kwamba amepotea, ni Paratrechina longicornis. Ukiona wafanyakazi wa saizi mbili, wadogo wengi na wachache wenye vichwa vikubwa mno kwa miili yao, hao huenda ni jamii ya Pheidole. Jina kamili si sharti. Saizi, rangi, idadi ya vifundo na picha yenye rula pembeni vinatosha, ilimradi usichanganye kumbukumbu za aina mbili kwenye ukurasa mmoja.

Wafanyakazi wote ni majike, na kwa kawaida vijana hubaki ndani wakilea mayai na mabuu ilhali wakongwe ndio hutoka kutafuta chakula. Unaowaona mezani, basi, ni wazee wa kundi. Wanakufa wengi, na wanaoshika nafasi zao huenda hawajawahi kuiona hiyo meza.

Siku ya kwanza: usiguse kitu

Tafuta njia wanayopita tayari. Weka alama mbili za penseli pembeni ya njia, moja kila upande, na uchukulie kuna mstari unaoziunganisha. Kila baada ya dakika 5, hesabu kwa dakika 1 wanaoukata mstari wakitoka kiotani, kisha dakika inayofuata wanaorudi. Kuhesabu pande zote mbili kwa wakati mmoja huonekana rahisi hadi msafara upite 30 kwa dakika, hapo macho hushindwa. Njia ikijaa kupita hapo, rekodi video na uhesabu baadaye kwa mwendo wa polepole.

Andika hivi: *saa 3:10 usiku, nyuzi 27, kutoka 14, kurudi 22, kati yao wenye tumbo lililojaa 15.* Chagua mtindo mmoja wa kuandika saa na uushike. Daftari linalochanganya saa ya Kiswahili na ya saa 24 halisomeki baada ya wiki.

Kaa umbali wa sentimita 30 au zaidi, na unapoinama na lenzi pumua pembeni au funika mdomo na pua kwa kitambaa. Hewa tunayotoa ina joto, unyevu na kaboni dioksidi nyingi, na sisimizi wengi huichukua kama ishara ya hatari: hutawanyika, husimama na kuinua vipapasio, au hubadili mwelekeo. Usiegemee meza, kwani mtikisiko wanausikia kwa miguu. Usiku funika tochi kwa plastiki nyekundu; sisimizi wengi hawaioni vizuri rangi hiyo na wataendelea na shughuli zao.

Tone la kwanza

Weka mililita 0.1 ya maji ya sukari juu ya kipande bapa cha plastiki, sentimita 30 hivi kutoka kwenye njia. Usiliweke juu ya njia yenyewe, maana hutaona ugunduzi, utaona msongamano tu.

Mpelelezi, yaani sisimizi anayetangulia kutafuta chakula, huja kwa mwendo wa kupindapinda, vipapasio vikigonga chini muda wote. Akiligusa tone, husimama. Hapo ndipo pa kushika lenzi. Mwili hutulia kabisa, mdomo umezama ukingoni mwa tone, na ndani ya dakika moja au mbili tumbo huanza kuvimba, vigamba vyake vikiachana hadi utando wa katikati ujitokeze kama michirizi hafifu. Sisimizi aliyekomaa hamezi kitu kigumu. Anachobeba ni maji, ndani ya mfuko wa chakula ulio tumboni, na sehemu kubwa ya maji hayo ni ya kundi, si yake.

Anapogeuka kurudi, tazama nyuma yake kuliko mbele. Katika aina nyingi ncha ya tumbo hushuka na kugusa chini, ikainuka, ikagusa tena. Anaweka kemikali ya harufu, feromoni. Ukimfuata hadi akutane na mwenzake, utaona vichwa viwili vikielekeana, vipapasio vikipigana haraka haraka, na pengine midomo ikikutana: mmoja amefungua taya na tone dogo linang'aa katikati, mwingine analinywa. Rekodi hilo kwa video. Kwa jicho tupu hupita kabla hujajua ulichokiona.

Kabla ya kuweka tone unaweza kutandaza karatasi kubwa nyeupe chini ya eneo lote. Mpelelezi akianza safari ya kurudi, mfuate kwa penseli nyekundu ukichora alikopita, sentimita 4 au 5 nyuma yake. Wa pili mchore kwa bluu, wa tatu kwa kijani. Mstari wa kwanza huwa na mikunjo mingi. Wanaofuata hukata kona kidogo kidogo, na baada ya safari kadhaa njia huwa imenyooka bila yeyote kati yao kuijua picha nzima. Usitumie kalamu ya wino wa spiriti, kwa sababu harufu yake hufuta unachotaka kukiona.

Endelea kuhesabu kila dakika 5. Idadi hupanda polepole, kisha ghafla, kisha hutulia. Kila anayerudi ameshiba huongeza harufu, harufu huleta wengine, nao huongeza tena. Tone likiisha, wanaorudi matumbo matupu hawaweki alama na msafara hufifia wenyewe. Ndiyo sababu ya kutumia mililita 0.1: bakuli zima la sukari halikuonyeshi mwisho wa safari.

Njia ya harufu: majaribio ya karatasi

Hapa ndipo utamu wa kazi ulipo, na hapa pia ndipo watu hujidanganya zaidi.

Kata vipande vitatu vya karatasi, kila kimoja sentimita 3 kwa 15, uvipange mfululizo ili sisimizi wapite juu yake kuelekea kwenye tone. Wape nusu saa ya msafara mzuri. Kisha fanya yafuatayo, ukiachanisha kila jaribio kwa dakika 15.

Anza kwa kukiinua kipande cha katikati na kukirudisha vilevile kilivyokuwa. Hilo ni jaribio la ulinganisho, na wengi huliruka. Linakuonyesha vurugu inayotokana na mkono wako peke yake. Bila hilo hutajua kama kilichotokea baadaye kimetokana na harufu au na mtikisiko.

Sasa kitoe na uweke kipya, kisafi, cha karatasi ileile. Kama aina yako inategemea harufu zaidi, foleni itajengeka ukingoni: wanafika, wanasimama, wanageuka, wanapapasa kushoto na kulia. Baada ya dakika kadhaa mmoja anavuka, na ufa unazibika. Pima muda tangu uweke karatasi hadi msafara urudi kwenye nusu ya idadi ya awali. Hiyo ndiyo namba yenye maana, si "walichanganyikiwa".

Jaribio la tatu, sogeza kipande cha zamani kwa pembe, upande mmoja ukibaki mahali pake. Wengi watakifuata hadi mwisho usio sahihi. La nne, kigeuze nyuzi 180, ncha ya mbele iwe nyuma. Kwa kawaida msafara hauyumbi, kwa sababu mstari mnyoofu wa harufu hauna mshale wa kuonyesha nyumbani ni wapi. Mwelekeo hutoka kwingine. Kwa Monomorium pharaonis, utafiti uliotoka mwaka 2004 ulionyesha kwamba ni maumbo ya njia panda: njia zao zikitoka kiotani hugawanyika kwa pembe ya nyuzi 50 hadi 60 hivi, na sisimizi aliyepotea huitumia pembe hiyo kujielekeza.

Ikiwa karatasi safi haikuwasumbua hata kidogo, usiseme jaribio limeshindwa. Aina zenye macho mazuri hukumbuka dirisha, ukingo wa meza, kivuli cha kabati. Rudia gizani kwa tochi nyekundu. Wakikwama gizani na kupita mchana, umepata jibu zuri kuliko ulilolitafuta.

Watu hupenda kufuta njia kwa kidole. Kidole huacha mafuta na jasho, kwa hiyo hapo umefuta kitu na kuweka kingine. Tumia kijiti cha pamba kikavu, siku nyingine chenye maji, siku nyingine chenye spiriti iliyoachwa ikauke kabisa, kila mara sehemu ya sentimita 2, na ulinganishe muda wa kurejea.

Daraja lenye njia mbili

Kata kutoka kwenye kadibodi njia ya upana wa sentimita 1 inayogawanyika mara mbili kisha kukutana tena. Chakula kiwe juu ya kifuniko katikati ya sahani ya maji, ili daraja liwe njia pekee. Maji yawe matupu, yasiwe na sabuni: sabuni huvunja utando wa juu, na anayeanguka huzama badala ya kuelea hadi ukingoni.

Matawi yakilingana urefu, mwanzo hupita kote sawa, kisha msafara huegemea upande mmoja. Rudia kwa kadibodi mpya na huenda ukawa ule mwingine. Jean-Louis Deneubourg na wenzake waliliandika jambo hili mwaka 1990 kwa sisimizi wa Argentina, Linepithema humile. Tofauti ndogo ya bahati hukuzwa na harufu hadi iwe uamuzi wa kundi. Tawi moja likiwa refu mara mbili ya jingine, fupi ndilo hushinda mara nyingi, kwa kuwa waliolipitia hurudi mapema na kuliongezea alama. Lakini ukilifungua tawi fupi baada ya lile refu kuwa limeshakolea harufu, sisimizi hao wanaweza kubaki kwenye refu. Jaribu na aina uliyo nayo. Si zote zinazonasa hivyo.

Usitumie kadibodi moja mara mbili. Kosa la kawaida kuliko yote ni kushangaa kwa nini "wamechagua" kushoto tena.

Wanapenda nini leo

Weka kwa pamoja vitu vitatu kwenye upinde, kila kimoja sentimita 20 kutoka njiani: tone la maji ya sukari, punje ya kiini cha yai la kuchemsha, tone la mafuta ya kula. Hesabu waliopo kwenye kila kimoja kila dakika 10 kwa saa moja.

Tatizo ni kwamba kilichogunduliwa kwanza huvuta wengine kwa harufu ya njia, hata kama si kitamu kuliko vingine. Dawa yake ni kurudia mara tatu, kila mara vitu vikibadilishana nafasi juu ya karatasi mpya, na kuandika pia kipi kilifikiwa kwanza. Sukari ni nguvu ya wafanyakazi. Protini huenda zaidi kwa mabuu na malkia, ndiyo maana kundi linalolea mabuu mengi linaweza kukimbilia yai wiki hii na kulipuuza mwezi ujao. Matokeo ya siku moja, basi, ni ya siku hiyo.

Kama una sisimizi wenye tumbo jeupe, tia rangi ya chakula kwenye maji ya sukari, nyekundu kwenye tone moja na bluu kwenye jingine. Rangi huonekana tumboni, na unaweza kusimama njiani na kujua nani ametoka wapi bila kumgusa. Kwa weusi haifai sana. Utaona kidogo tu kwenye michirizi ya katikati ya vigamba.

Joto na mwendo

Mwaka 1920 mwanaastronomia Harlow Shapley, aliyekuwa kwenye kituo cha kutazamia nyota cha Mount Wilson, Marekani, alichapisha vipimo vya sisimizi waliokuwa wakipita huko mlimani. Kasi yao ilifuata joto kwa ukaribu kiasi kwamba aliweza kukadiria joto kwa kuwapima mwendo, akikosea kama nyuzi 1 tu.

Kulirudia ni rahisi. Pima sentimita 10 za njia nyoofu, chukua muda wa sisimizi 20 wanaotoka tu, kwa sababu waliobeba mzigo huenda taratibu. Aliyesimama kusalimiana mtupe nje ya hesabu. Kipimajoto kilale palepale wanapopita, maana ukuta uliopigwa na jua na hewa ya chumba vinaweza kutofautiana kwa nyuzi kadhaa. Rudia alfajiri, mchana na usiku, kisha chora kasi dhidi ya joto.

Wafu na kengele ya hatari

Sisimizi aliyesagwa huachia kemikali ya hatari papo hapo: wenzake hukimbia mizunguko, taya wazi. Ukimponda mmoja kwa bahati mbaya, simamisha kila kitu, badilisha karatasi na usubiri nusu saa.

Aliyekufa bila kusagwa, wa kuokotwa kwenye kingo za dirisha, ni habari nyingine. Mweke karibu na njia kwa kibano. Aliyekufa punde huenda akapitwa kana kwamba yu hai. Wa siku mbili hivi hubebwa kupelekwa kwenye takataka. Kinachoamua ni harufu. Mwaka 1958 Edward O. Wilson na wenzake walionyesha kwamba asidi ya oleiki huamsha tabia hiyo, na hata sisimizi mzima aliyepakwa hubebwa huku akirusha miguu, akatupwa, na kubebwa tena hadi ajisafishe. Pima umbali wanaombeba, na uandike ni wangapi walimgusa kabla mmoja hajaamua.

Kuwawekea alama mmoja mmoja kunawezekana kwa wakubwa tu, milimita 6 kwenda juu. Waweke kwenye kichupa ndani ya friji dakika 3 hadi 5 watulie, kisha gusa mgongo wa tumbo kwa ncha ya pini yenye rangi ya akriliki. Rangi ya kucha ina vimumunyisho vinavyowadhuru. Rangi isifike kiunoni wala kwenye vipapasio. Kwa wale wa milimita 2, achana nalo.

Ukimaliza

Ondoa chakula kwanza, acha msafara ufifie kwa saa moja, halafu ndipo uondoe karatasi. Ukianza na karatasi, waliobaki mezani hutawanyika chumba kizima wakitafuta njia. Futa meza kwa maji ya sabuni, pamoja na ukuta hadi kwenye ufa wanakotokea, na uendelee kuhesabu dakika 1 asubuhi na jioni kwa siku tatu zinazofuata. Bado watakuja wapelelezi pale palipokuwa na tone, na idadi yao ya kila siku iandikwe kwenye daftari lilelile.